Eti "toa hiyo bodaboda, inaharibu picha"! Na gurudumu lako nililibeba mimi mgongoni!

Kona_za_Soni

Wakuu mimi sijalala. Nimefungua grupu la msafara wetu wa pikipiki saa kumi alfajiri nakuta picha iliyopigwa Irente, kule mwambani Lushoto, imewekwa, imeandikwa "Tisa tumefika". TISA. Tulikuwa KUMI wakuu, kumi tumetoka Dar, kumi tumepita Bagamoyo na Msata, kumi tumelala Lushoto, na huyo wa kumi ni mimi na pikipiki yangu ya CC 150 ambayo nimeilipa kwa jasho langu mpaka shilingi ya mwisho.

Simtaji jina, hamna haja, wote mnamjua. Yule wa pikipiki kubwa yenye masanduku matatu, akisimama sheli kuweka mafuta anaongea kama milima ya Usambara aliipanga yeye.

Sasa sikilizeni. Jumamosi asubuhi tuko Irente, ukungu ndo kwanza unaachia, ukisogea pale mwambani unaiona Mazinde chini kabisa, lami ya Arusha imekuwa kama uzi wa kushonea, na ng'ambo yake nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yanachoka. Watu wamepanga pikipiki mstari mmoja ili tupigwe picha ya pamoja. Mimi nimekaa mwisho kabisa, sijamsukuma mtu, nimeifuta pikipiki yangu vumbi mpaka rimu zinang'aa. Jamaa hata glavu hajavua. Ananyoosha kidole, tena sio kwangu, kwa pikipiki, kama mtu anaonyesha mzoga wa mbwa barabarani, anasema kwa sauti mpaka watoto waliokuja kutushangaa wanageuka: "Toa hiyo bodaboda, inaharibu picha."

Inaharibu picha!

Nikaitoa. Hilo ndo linalonichoma mpaka sasa hivi, nikaishika usukani nikaisukuma hadi kwenye migomba, nikasimama nayo huko mpaka wakamaliza.

Na mjue siku moja kabla, Ijumaa, tunapanda kutoka Mombo, hata Soni hatujafika, tairi lake la nyuma likala pancha. Masanduku matatu wakuu! Tumefungua yote tukakuta spika, droni na mafuta ya kupaka ndevu. Tyubu hamna, kiraka hamna, hata spana ya kufungulia gurudumu ameazima. Wenzake wa pikipiki kubwa wakasema barabara nyembamba hawawezi kugeuza. Nani kageuza? "Bodaboda" imegeuza. Nimefunga gurudumu mgongoni kwa mpira wa kufungia mizigo, nimeshuka nalo Mombo kwa fundi, mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono mwingine korongo, nyuma yangu fuso limejaa kabichi linanipigia honi kila kona na breki zake zinanuka kama mpira uliochomwa, kisha nikapanda nalo tena. Grisi ya gurudumu lake ipo kwenye jaketi langu mpaka leo, nimefua mara mbili haitoki. Lile gurudumu lililopo kwenye picha nimelibeba mimi, halafu mimi ndo naharibu picha!

Na huyu ndo alijitangaza kutupeleka "milima na miji ya historia". Lushoto kasema mji ulianzishwa na Mwingereza, wakati Mjerumani ndo alikuwa akiuita Wilhelmstal. Tongoni tumepita bila hata kuweka mguu chini, magofu ya msikiti na makaburi ya kale yote yale tumeyapa vumbi tu. Pangani, mji ambao vita vya Abushiri viliwaka 1888 na Wajerumani wakamnyonga hapohapo Desemba 1889, tumekaa dakika kumi, tisa kati ya hizo anatafuta mtandao arushe picha. Ile picha. Niliyotolewa.

Nataka iandikwe KUMI au ifutwe. Nimemaliza.

Mzee wa Klachi

Uzi bila picha ni chai.

Kona_za_Soni

Mkuu picha ntaitoa wapi wakati nilikuwa kwenye migomba??

binti_mshambaa

🤣🤣🤣 Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Pole kaka, ila na wewe mtu mzima unaambiwa toa unatoa?

Chuma Chakavu

Nami nauliza hilohilo. Ungemwambia nitoe pikipiki, na gurudumu langu nilitoe? Angejibu nini?

Kona_za_Soni

Jibu limenijia jana usiku nikiwa kitandani ndugu yangu. Pale nilishikwa na kitu kooni, watu tisa wananiangalia, hakuna hata mmoja aliyesema acha jamaa apige picha.

Tajiri wa Mkonge

Mimi nilikuwepo. Mtoa mada anasema kweli, ila aseme na hili, tumemsubiri Segera dakika arobaini. CC 150 kwenye lami ndefu ni mateso kwa wenzako. Msafara una taratibu zake.

Kona_za_Soni

Mlinisubiri mnakula chipsi kuku! Na kwenye kona za Mombo nani alimsubiri nani? Nilikaa pale juu nimeshazima injini nawasikilizia mnavyopanda na gia moja kama trekta.

Mzee wa Klachi

Hahaha huyo kasema kweli, zile kona pikipiki nyepesi ndo mfalme. Vijana wa boda wa Soni wanapakia magunia ya viazi na abiria juu yake, wanapita kama wanakwenda sokoni kununua chumvi.

binti_mshambaa

Jamani kwanza nyie wote mmepotea. Mtu unapanda Usambara halafu unaishia Irente? Irente ni kwa ajili ya wageni wenye haraka. Nendeni Mtae, nendeni kijiji cha Mambo, mkasimame pale muone hifadhi ya Mkomazi yote iko chini yenu ndo mtajua mlima ni nini. Na Vuga je? Kwa kina Kimweri, mji wa wafalme wetu, mko Soni hapo jirani kabisa na hakuna aliyegeuza shingo. Halafu mnasema ziara ya historia. Mimi hilo ndo linaniudhi kuliko picha.

Chuma Chakavu

Njia ya Mtae mvua ikinyesha utambeba wewe mtoa mada na pikipiki yake?

binti_mshambaa

Bibi yangu anaipita kwa miguu na mzigo wa kuni kichwani, wewe una injini.

Dereva Mstaafu

Mkimaliza ya picha tuongelee tochi za trafiki za kupimia spidi. Dar mpaka Mombo nimepigwa mara mbili, elfu 30 mara mbili, yote kwenye hamsini ya kijiji ambacho nyumba sikuziona. Naona kibao, sioni kijiji! Mtu kajificha nyuma ya mwembe. Hiyo elfu 60 ningelala Lushoto na kula mbuzi.

Tajiri wa Mkonge

Wewe mara mbili? Mimi tatu, na moja nilikuwa nasukuma sina mafuta.

Mzee wa Klachi

CHAI hiyo.

Mpenda Machungwa

Naomba kuuliza wadau, hivi Muheza machungwa sasa hivi yanauzwaje? Nimepita juzi mama kaniona nimevaa helmeti kubwa akanipa bei ya Mzungu. Nimevua helmeti bei haijashuka.

binti_mshambaa

Ungevua kabla hujasimama.

Kona_za_Soni

Wakuu turudi kwenye mada. Ile picha bado ipo. Nimemwandikia kistaarabu kabisa, "kaka tulikuwa kumi", kaniwekea kidole gumba. Kidole gumba!! Kidole kilekile alichoninyooshea Irente sasa kanitumia kwenye simu.

Chuma Chakavu

🤣🤣 Kidole kinakufuata.

Tajiri wa Mkonge

Ila jamani kwenye hili na mimi nina langu. Usiku ule wa Lushoto aligawa vyumba yeye. Mimi nimelazwa na mtu anayekoroma kama jenereta, yeye kalala peke yake chumba cha vitanda viwili, kitanda cha pili kalaza masanduku. Na baridi ya kule mnaijua, juu kule zaidi ya mita elfu moja, blanketi moja watu wawili. Nimelala na jaketi na helmeti.

Kona_za_Soni

Sasa kumbe unayajua hayo halafu unamtetea?

Tajiri wa Mkonge

Simtetei, nasema Segera tulikusubiri.

Dereva Mstaafu

Mmerudi kwa njia gani? Mmetokea Pangani mkavuka kwenda Saadani au mmerudi Tanga?

Tajiri wa Mkonge

Tumevuka kwa pantoni kwenda Bweni. Nyie watu wa pantoni Mungu anawaona, jua la saa nane, tumekaa na majaketi yale ya plastiki tunaiva kama mihogo, pantoni lipo ng'ambo linatuangalia.

Mpenda Machungwa

Daraja si wanajenga?

Dereva Mstaafu

Daraja na lami ya kutokea Bagamoyo, Makurunge, Saadani hadi Pangani. Ikikamilika yote hakuna mtu wa pwani atazunguka tena Segera.

Mzee wa Klachi

Mimi sitaki ikamilike. Raha ya Pangani ni kule kuvuka taratibu, unashuka kwenye pikipiki, unautazama mto unaingia baharini, minazi huku na huku. Wakiweka lami mtapita na spidi 120 kama mlivyopita Tongoni.

Dereva Mstaafu

Raha ya kuvuka taratibu kamwambie mgonjwa wa Mwera anayewahi hospitali ng'ambo.

Mzee wa Klachi

Hapo nimekaa kimya mkuu.

Kona_za_Soni

Sasa hivi kabadilisha maandishi. Kaandika "Tisa na mmoja".

binti_mshambaa

Eeh makubwa.

Mpenda Machungwa

Wadau pale Pangani karibu na pantoni, samaki wa kukaanga ni kwa mama gani? Nataka niende Jumamosi ijayo.

Tajiri wa Mkonge

Ukishuka tu usiingie kwa yule wa kwanza, pita, nenda wa pili mwenye mkaa nje. Changu na muhogo. Ila uwahi, saa tisa kashafunga.