Mapango ya kale ya pwani: Kuumbi, Panga ya Saidi au Pinnacle Point?

Mwalimu_Kampemba: Hamjambo ndugu wa Lubumbashi. Likizo kubwa nataka kuwapeleka watoto wangu wa sekondari kwenye pango la watu wa kale karibu na bahari, ambayo hawajaiona bado. Nimebaki na hayo matatu. Mnashauri lipi?

Yaya_Ruashi: Kuumbi, mwalimu. Mnapita Kasumbalesa, Zambia, Tunduma hadi Dar es Salaam, kisha boti ya Unguja. Pango liko Jambiani: juani kunachoma, ukishuka ndani ubaridi unakupokea. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta humo mifupa ya pundamilia. Pundamilia Unguja! Enzi ya barafu bahari ilikuwa chini, kisiwa kimeshikana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu. Zaidi ya yote, mwenyeji anawaeleza kwa Kiswahili na watoto wanamuuliza wenyewe. Pango lina mzimu unaoheshimiwa, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha.

Dereva_wa_Kasumba: Kwa elimu, hakuna kama Pinnacle Point, Mossel Bay, Afrika Kusini. Pango linatazama mawimbi moja kwa moja. Miaka 164,000 iliyopita watu walikula kome pale na kutumia ngeu, ule udongo mwekundu wa rangi. UNESCO waliliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ila lazima viza, ziara ni ya kuagiza mapema, na kutoka Cape Town bado kuna karibu kilomita 400. Blombos, pango jingine la huko, msihangaike nalo, watalii hawaingii.

Mama_Kamalondo: Panga ya Saidi msiipite haraka hivyo. Pale Kilifi, Kenya, alizikwa mtoto wa miaka kama mitatu, miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, kichwa kama kimeegemezwa kwenye kitu laini. Habari zake zilitangazwa 2021: ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu kama sisi linalojulikana Afrika. Mimi mzazi, hilo linanigusa kuliko kome. Lakini bahari iko kilomita 15 hivi kutoka hapo, na mifupa ilishaondolewa kwa uchunguzi.

Mwalimu_Kampemba: Asante mama, nitawasimulia wanangu habari za huyo mtoto njiani. Tunakwenda Kuumbi, viza na safari ya Mossel Bay vinazidi mfuko wangu. Yaya, kuna la kuangalia zaidi?

Yaya_Ruashi: Uliza saa za maji. Jambiani yakipwa, bahari inakwenda mbali kabisa, mtakuta mchanga na mashamba ya mwani. Pango liwe wakati maji yamepwa, yakijaa watoto waingie kuogelea.