Mashua ya futi 14 nyumbani Entebbe: nifunge tanga gani?

Seremala wa Entebbe
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naunda mashua ya tanga nyuma ya nyumba, na nimefika mahali siwezi kuendelea bila kuuliza.

Kazi yangu ni milango na vitanda. Chombo cha majini hiki ndicho cha kwanza. Urefu futi 14, upana futi 5, chini bapa. Mataruma, yaani mbavu za ndani, ni mvule, ubavuni nimepiga plaiwudi ya milimita 6. Mvule umenila visu: mara mbili randa imekutana na lile jiwe jeupe linalojificha ndani ya mti, kisu kikapata pengo la kuingia ukucha. Lakini mbao zake zikishakubali zimekubali, haziogopi maji wala mchwa.

Nataka kutembea ghubani na mwanangu wa miaka 11, si kuvua wala kubeba abiria. Moyo wangu uko kwenye tanga la pembetatu lenye foromali ndefu (ule mti unaobeba tanga juu ya mlingoti), kama majahazi ya pwani aliyonisimulia marehemu babu. Rafiki ananiambia nifunge tanga la Bermuda, lenye mlingoti mrefu na waya. Mwingine anasema tanga la lagi. Mlingoti nitakata mkaratusi. Nishaurini.

Mpemba wa Kampala
Ndugu yangu, nimekulia kwenye ngalawa, na tanga hilo nalipenda kama wewe. Upepo ukivuma siku nzima upande mmoja, utalifurahia. Taabu ni kupiga bisho, yaani kwenda upepo unakotoka kwa kukata pembe huku na huku. Kila ukigeuza chombo, foromali yote inatakiwa ipite upande wa pili wa mlingoti: mmoja yuko omo, mbele, ameishika, mwingine tezi, nyuma, na usukani na demani, ile kamba ya kuvutia tanga. Ndiyo maana manahodha wengi wa majahazi hugeuza kwa kuupa upepo mgongo. Ngalawa ina mikono pembeni inayoizuia isipinduke, mashua yako haina. Na mtoto wa miaka 11 usimweke omo ashikane na foromali.

Bermuda linabisha vizuri kuliko hayo mengine, sikatai. Ila mlingoti wake unasimama kwa waya, na waya mmoja ukikatika mlingoti unalala.

Funga lagi. Ni tanga la pembe nne, foromali yake fupi, na sehemu ndogo ya tanga inabaki mbele ya mlingoti, kwa hiyo ukibisha hugusi kitu. Mlingoti wa mita 4 usio na waya unatosha, na ukiung'oa unalala ndani ya mashua.

Mzee wa Masese
Mwanangu, Mpemba kasema kweli, ila kasema kama mtu wa bahari. Ziwa hili halina kusi wala kaskazi za kukaa miezi. Usiku na alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Kwa hiyo alasiri upepo unakurudisha nyumbani, lakini ule wa alfajiri unakuchukua. Usiamke mapema ukafurahia kwamba tanga limejaa.

Halafu kuna dhoruba. Wingu linasimama jeusi, maji yanatulia kama mafuta, kisha ubaridi unakupiga shavuni. Ukishausikia ubaridi huo, muda umekwisha. Kila tanga liulize hivi: naweza kulishusha peke yangu, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani? Lagi ukiachia henza, kamba ya kupandishia tanga, linaanguka ndani ya mashua. Shona mita 7 za mraba, uweke safu mbili za kamba za kulipunguzia.

Wa Kalangala
Nyongeza mbili. Funga madumu matupu yenye vifuniko chini ya viti, omo na tezi, yaibebe mashua ikijaa maji. Jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikaliwe. Pili, Ziwa Viktoria upande wa Uganda, mashua ya kuvulia iliyo chini ya futi 28 hairuhusiwi. Yako si ya kuvulia, lakini kwa mbali nani atajua? Kaongee na wakubwa wa mwaloni, pale mashua zinapotia nanga, kabla hujaiteremsha, na usibebe hata ndoana.

Seremala wa Entebbe
Asanteni sana. Mzee, hilo la alfajiri sikuwa nalijua kabisa, na ndio muda niliokuwa nimeupanga. Basi ni lagi. Chini bapa haitateleza upande?

Mpemba wa Kampala
Itateleza kama sahani. Weka ubao wa kushusha katikati, na kitovu cha tanga kikae karibu na juu ya ubao huo, nyuma kidogo. Ukiachia usukani mashua igeukie upepo yenyewe. Ikikimbia upepo, sogeza mlingoti nyuma. Na goshi, pembe ya tanga ya mbele chini, ivute kwa kamba ikaze mpaka ilie. Goshi ikilegea, lagi linapata mkunjo toka pembe hadi pembe na halibishi tena.

Mzee wa Masese
Hiyo plaiwudi uliichemsha kabla ya kuipiga?

Seremala wa Entebbe
Sikuichemsha, Mzee. Ndiyo nini?

Mzee wa Masese
Kata kipande cha kiganja, chemsha saa moja, kikaushe, rudia. Gundi isiyoogopa maji haiachii. Gundi ya vitanda itaachia.

Seremala wa Entebbe
Nimechemsha jana, mwanangu akilinda sufuria. Vipande viwili, kila ubavu kimoja. Cha kulia kimetoka kizima. Cha kushoto kimefunguka pembeni kama kurasa, nimekitenganisha kwa vidole. Nilizinunua duka moja, siku tofauti. Leo nimeanza kuubandua ubavu wa kushoto.