Kufunga mwamba wa pweza: kina mama wanaovua kwa miguu watapata nini?

Binti Pwani
Assalaam aleikum. Kamati ya uvuvi ya shehia yetu, kusini mwa Pemba, inapendekeza sehemu ya mwamba ifungwe kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Sipingi, kwa kuwa pweza wanaoletwa siku hizi ni wadogo mno. Ila kina mama wanaokwenda pwani na vijiti vya kuchokolea hutegemea mwamba huohuo kila bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana), ilhali wanaume wenye miwani ya kuzamia wanaweza kuhamia maji ya kina. Je, mavuno ya siku ya kufungua huwafikia kweli kina mama?

Mwambani
Wa aleikum salaam. Pweza wa miambani hukua upesi na haishi miaka mingi. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai pangoni bila kula, kisha hufa. Kwa hiyo kumwacha miezi miwili au mitatu kunampa nafasi ya kuongeza uzito, na pengine ya kutaga kabla hajavuliwa. Wavezo, jamii ya wavuvi, wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza utaratibu huu mwaka 2004, na vijiji vya jirani vikaufuata. Jambo la kuzingatia ni kwamba hawakufunga mwamba wote: kwa kawaida kila kijiji hufunga takribani sehemu moja kwa tano ya maeneo yake, na kwingineko uvuvi huendelea. Iulizeni kamati imekusudia kufunga kiasi gani.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu, hofu yako ni ya haki. Kwetu mwamba ulifungwa vizuri na ulinzi ulikuwapo, lakini siku ya kufungua wazamiaji, wakiwamo wa dago (wavuvi wageni wanaopiga kambi), waliingia alfajiri maji yangali mengi. Bamvua hukupwa mnamo saa nne asubuhi. Kina mama walipofika, mapango mengi yalikuwa matupu. Safari iliyofuata tulikubaliana kwamba bamvua la kwanza liwe la wanaovua kwa miguu peke yao, na wazamiaji wasubiri. Vijana walinung'unika sana, na bado wananung'unika.

Bi Mchuuzi
Naongeza suala la bei, ambalo wanaume husahau. Pweza wakifika wengi kwa siku moja, tajiri anayenunua pweza hushusha bei, na asiye na barafu hana budi kukubali. Kamati ipatane naye kabla ya kufungua, tena kwa maandishi. Kuhusu riziki ya miezi ya kufunga, kisiwani Rodrigues, nchini Morisi, mwaka 2012 walifunga uvuvi wa pweza kwa miezi miwili, na wavuvi wakapewa kazi nyingine za malipo. Shehia haina uwezo huo, basi angalau msifunge mwamba ulio karibu na kijiji. Fungeni ule ambao bibi zetu hawaufikii kwa miguu.

Binti Pwani
Shukrani. Suala la bamvua la kwanza nitalipeleka kwa sheha kabla kamati haijakutana.