Köln au Düsseldorf: jioni moja tu, nikanywe bia ipi?

Mzee_Vifaatiba: Wakuu, heshima kwenu. Novemba natumwa Düsseldorf, Ujerumani, kwenye maonyesho ya vifaatiba ya MEDICA. Nina jioni moja ya kupumua, nataka mahali wanapopika bia yao wenyewe na msosi upo. Nibaki hapo kwenye Altbier, bia ya Düsseldorf, au nipande treni hadi Köln kwa Kölsch, bia ya huko?

BintiKagera: Köln. Treni kama nusu saa, ukitoka stesheni tu kanisa kuu hilo hapo mbele yako, na Früh, baa ya wapika Kölsch, iko jirani, tangu 1904. Glasi zao ni lita 0.2, mbili na nusu ndiyo chupa yetu kubwa, ila usizidharau! Ikiisha, mhudumu anakuletea nyingine bila kukuuliza, anachora mstari wa penseli kwenye kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi. Ukitosheka, kifunike juu ya glasi. Mimi sikuambiwa. Nilifikisha mistari tisa.

Kipisi: Msimpoteze mwenzetu. Kölsch ni maji yenye heshima. Nenda Uerige, baa ya wapika Altbier iliyoko mji mkongwe wa Düsseldorf, wapo tangu 1862. Bia yao ina rangi ya shaba iliyokolea, maana kimea chake kimekaushwa kwa moto zaidi, na ni chungu hasa kwa maua ya hops. Halafu unarudi hotelini kwa mguu, asubuhi uko bandani na tai yako.

BintiKagera: Maji yenye heshima ndiyo yanayokufaa ukiwa na kikao kesho yake, Kipisi.

MamaTumbo: Mnasahau chakula. Köln niliagiza Halver Hahn, nikajua ni nusu jogoo. Nikaletewa mkate mweusi na bonge la jibini! Na asiyekula nguruwe aulize kwanza, ile sahani yao ya Himmel un Ääd ina soseji ya damu ya nguruwe.

Kipisi: Na kama jioni yako ni tarehe 11 Novemba, Köln usikanyage. Wanafungua msimu wa kanivali saa 5 na dakika 11 asubuhi, hadi jioni hupati pa kusimama.

Posho_Kamili: Dai risiti, mkuu. Mimi nilirejesha masurufu na kile kikaratasi cha mistari. Mhasibu alikigeuza nyuma na mbele, akanirudishia.

Mzee_Vifaatiba: Nimewasoma. Uerige basi, miguu yangu haitaki treni baada ya kusimama bandani kutwa. Huko nako wanafunika glasi?

Kipisi: Wanafunika. Funika mapema.