Tupeane uzoefu: kuunga kamera za waya kwenye DVR au TV

Wakuu habari. Nina duka la vipuri vya pikipiki, nimefungiwa kamera za waya na DVR (kile kisanduku cha kurekodi picha). Mchana picha safi, giza likiingia ya geti la nyuma inazima, inawaka, inazima. Fundi anadai kamera mbovu, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela, mliopitia haya mnasemaje? Na je, kamera inaweza kuchomekwa kwenye TV bila DVR?

Mzee wa Testa: Usinunue kwanza, mkuu. Usiku zile taa za infraredi za kuonea gizani zikiwaka kamera inakula umeme zaidi. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, zile volti 12 zinafika zimechoka. Nilikutana nayo kwenye godauni moja: kwenye adapta mita inasoma 12.1, kule kwenye kamera 11 na kidogo. Nikaziba kwa kidole kile kijicho cha kupima mwanga, taa zikawaka, mita ikaporomoka hadi 9, kamera ikazima palepale. Nikafunga adapta nyingine ya 12V karibu na kamera, waya wa picha nikauacha uleule. Hadi leo inadunda.

Mama Hardware: Na waya wenyewe kagua. Kuna RG59 (ule waya wa picha) ya shaba tupu na kuna ya aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, ndiyo hiyo ya aluminiamu. Mafundi wengi wanaipenda kwa sababu ya bei, wewe utatozwa ya shaba.

Chawote_Tanga: Kuhusu TV: inawezekana kama kamera ni ya analogi. Nunua kichwa cha kugeuza BNC (ile plagi ya kuzungusha ya kamera) kuwa RCA (plagi ya AV ya TV), chomeka tundu la njano la AV. Kamera nyingi za sasa zinatoa mifumo minne ya picha: AHD, TVI na CVI, ambayo ni ya HD, na CVBS, ule wa zamani. Tundu la AV la TV linaelewa CVBS peke yake. Kwenye waya wa kamera yangu kuna kitufe kidogo, nilikibonyeza upande mmoja sekunde kadhaa ndipo picha ikaja; kabla ya hapo ilikuwa michirizi tu. Ila picha ya CVBS haina ung'avu, na hakuna kinachorekodiwa. Kwa mwizi haikusaidii, labda kuangalia nani anagonga geti. Za IP, zile zinazotuma picha kwa mtandao, sahau, hizo zinataka NVR (kisanduku cha kurekodi cha kamera za mtandao) au kompyuta.

Nahodha001: Mimi niko Mombasa. DVR ilikuwa inawaka, TV kwa HDMI giza tupu. Kumbe ilikuwa imesetiwa ubora wa picha ambao TV yangu ya zamani haiwezi. Nikaomba skrini ya kompyuta, nikachomeka VGA, nikashusha hadi 1280x720, ikakubali. Walio pwani nao waangalie pini za BNC za nje, chumvi inazila. Ziwekeni ndani ya boksi.

Mwenye uzi: Mzee wa Testa, nimeziba kijicho saa sita mchana, imezima kweli! Fundi hapokei simu. Adapta nichukue ya ngapi?

Mzee wa Testa: 12V, ampea 1 inatosha kwa kamera moja, 2 bora zaidi. Hakikisha pini ya katikati ndiyo chanya, na usiiache kwenye mvua. Ikigoma bado, weka hapa picha ya ile stika iliyo chini ya kamera.