Programu ya FPGA "inayokubali" Linux: nani aliijaribu kabla ya kuitoa?

Wakuu, leo nimefika shingoni.

Kuna kampuni ya chipu, siitaji, wenye kazi hizi mtaijua wenyewe. Wameandika kabisa kwamba programu yao ya kubuni saketi za FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe) inakubali Linux. Haya, nikapakua. Makumi ya gigabaiti, na bado diski itake nafasi ya ziada ya kufungulia vifurushi. Hilo nalimeza, maana kila familia ya chipu ina data zake.

Nisichokimeza ni kisakinishi. Kinaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kinafika kwenye kutengeneza orodha ya chipu zilizowekwa, halafu kimya. Hakuna kosa, hakuna onyo. Unakaa unakitazama ukidhani kinafanya kazi. Kumbe kinatafuta libtinfo.so.5 na mashine haina! Hiyo ni laibrari ya ncurses 5, ya kusaidia programu kuonyesha maandishi kwenye tamino (dirisha la amri), wakati ncurses 6 imetoka tangu 2015. Ubuntu 24.04 imeshaiondoa kwenye hazina yake. Kuna ugumu gani kuandika mstari mmoja tu, "libtinfo5 haipo, kaiweke"? Programu inayopanga maelfu kwa maelfu ya flipfulopu (vihifadhi vya biti moja moja) na kuhesabu ucheleweshaji wa kila waya kwa pikosekunde, inashindwa kuangalia kama faili moja lipo?

Dawa tunapeana wenyewe huku mitaani: unatengeneza simlinki (njia ya mkato ya faili) ya jina la .5 inayoelekea .6, au unachukua kifurushi cha Ubuntu ya zamani. Inakubali. Ila hiyo kazi ni ya mteja?

Ukivuka hapo unakutana na seva ya leseni. Unaiendesha lmgrd, programu ya seva hiyo, tamino inajibu kwamba faili halipo. Unapiga ls, faili hilo hapo, na ruhusa ya kuendeshwa linayo. Kinachokosekana ni kipakiaji cha LSB (kiwango cha pamoja cha mifumo ya Linux), ld-lsb-x86-64.so.3, ambacho lmgrd inakitegemea na mifumo mingi ya sasa haina. Hapa angalau lawama tugawane na Linux, maana ujumbe huo wa kupotosha unatoka kwenye mfumo wenyewe. Lakini waliojenga kwa LSB ni wao.

Kebo ya JTAG, ya kuingizia saketi kwenye bodi, nayo ina skripti yake pembeni, inataka ruti (mtumiaji mwenye mamlaka yote) ili iweke kanuni za udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa. Usipoiendesha, bodi haionekani hata ukichomoa na kuchomeka mpaka kesho. Na tafadhali, yule anayeshauri watu waendeshe programu nzima kwa sudo, yaani kama ruti, aache. Mafaili ya mradi yanageuka kuwa ya ruti, ukirudi kama mtumiaji wa kawaida huwezi kuhifadhi kitu.

Halafu Yosys na nextpnr, zana za FPGA za jumuiya ya chanzo huria, ukiwa na chipu ya iCE40 unaziweka kwa apt, unaanza kazi. Basi. Ningehamia huko leo kama chipu yangu ingekuwa inakubalika kikamilifu.

Swali langu: kuna aliyefanikiwa kuifungia programu ya aina hii ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine) yenye Ubuntu ya zamani, na kebo ya USB ikaonekana humo ndani? Kanuni za udev uliweka kwa mwenyeji (mashine yenyewe) au kwenye kontena? Wa "rudi Windows" piteni mbali, leo sina subira.