Nahodha, simu hiyo itatuzamisha!

Ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu, leo sina salamu ndefu. Siku tatu hizi nimejaribu kulimeza hili jambo na halimezeki.

Nilikuwa narudi na mamangu kutoka Mombasa. Ametolewa mtoto wa jicho, jicho moja limefungwa bandeji. Basi lilichelewa, tukafika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Amu, magharibi imeshapita. Mwezi mwandamo, giza totoro, na kwa vile ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo, yalikuwa yanakupwa mbio. Tukaingia boti ya kasi, watu tisa na mizigo yao. Nikamkalisha mama nyuma, karibu na tezi, asirushwerushwe. Kwa hiyo nahodha alikuwa ubavuni mwangu na hakuna nilichokosa kuona.

Hatujafika mbali simu ikalia. Akapokea. Nikasema moyoni, labda kuna mgonjwa kwao. Kumbe ni mtu wa petroli anadai pesa zake! Wakazozana weee, mwisho nahodha akakata, akaanza kumtumia kwa M-Pesa. Mkono mmoja kwenye mashine, dole gumba la mkono wa pili linatafuta namba ya siri, uso wote umeinama. Na boti haikupunguza mwendo hata chembe.

Hebu tupige hesabu. Boti ikienda kilomita 36 kwa saa, inakata mita 10 kila sekunde. Kuandika namba ya simu, kiasi, namba ya siri, kisha kusubiri ujumbe, hata kwa mwepesi wa vidole ni sekunde 20. Hizo ni mita 200 ambazo watu tisa wamebebwa na kipofu. Mamangu na bandeji yake alikuwa anaona kuliko yeye.

Na msiniambie "alikuwa anatupia jicho mbele". Mvuvi yeyote atakwambia macho huchukua muda kulizoea giza, na ni kweli: kulizoea sawasawa huchukua dakika 20 hadi 30. Ukiangalia kioo cha simu kinachong'aa, umeyaharibu yote kwa mara moja. Unainua kichwa unaona weusi mtupu, huku wewe mwenyewe unajiona unatazama.

Ndivyo ilivyokuwa. Mbele yetu palikuwa na dau la wavuvi wawili, halina hata kurunzi. Aliyeliona ni kijana wa omo, anayekaa mbele ya boti, akapiga ukelele. Nahodha akakata mashine upande, boti ikalala, mama akaanguka magoti juu ya gunia, maji yakaingia. Tulipita karibu kiasi cha kusikia wale wavuvi wakitutukana, na haki yao.

Nikamwambia, "Mwanangu, weka simu hiyo." Jibu lake: "Tulia, mama, bahari hini naiyua." Bahari unaijua, sawa. Dau lile ulilijua?

Kilichonichoma zaidi ni abiria. Watu wazima, mmoja ana ndevu nyeupe, wamenyamaza kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. Bwana mmoja alikuwa ameegemea ukingo anajirekodi tangu Mokowe. Boti ilipolala, simu yake ikaenda kwa samaki. Alimlaumu nani? Mimi, eti kelele zangu zilimshtusha nahodha!

Yangu ilirowa tu. Nikaizima, nikatoa laini, sikuichaji. Jirani alinishauri niitie kwenye mchele. Mchele ni wa pilau. Chumvi ya bahari inabaki ndani inakula shaba, na mchele hauinyonyi. Fundi ameifungua kuisafisha, tutaona.

Barabarani dereva akikamatwa anatumia simu gari likienda, faini iliyoandikwa ni shilingi 2,000. Hata huko najua haifuatwi, nendeni Malindi muone vijana wa bodaboda walivyochomeka simu ndani ya helmeti wanaongea mpaka sokoni. Lakini bodaboda ikianguka, unaanguka juu ya ardhi. Sisi huku chini yetu ni mkondo, na nusu ya majaketi ya kuokolea yamefungwa kamba chini ya viti.

Wala sisemi simu isipande botini. Mashine ikizima katikati, simu ndiyo itakayotuitia watu, ndiyo itakayopiga 999 au 112. Basi iwe na chaji, iwe ndani ya mfuko usioingia maji, na akae nayo kijana wa omo. Ikilia, apokee yeye. Ikiwa ni lazima nahodha mwenyewe azungumze, azime mwendo kwanza. Kuvuka kutoka Mokowe ni dakika chache, deni gani la petroli haliwezi kungoja tufunge gatini?

Nanyi mnaopiga simu, mnajua fulani yuko majini na bado mnampigia mara tano mfululizo, mna sehemu yenu.

Jina la nahodha silitaji hapa, ana mke na watoto, nimeshamfuata mzee wake na tumeongea. Ninachotaka ni hiki: Jumatatu ijayo mama anarudi Mombasa kufunguliwa bandeji, na inabidi tuvuke alfajiri, kabla jua halijatoka. Anayemjua nahodha anayeweka simu mfukoni mpaka ng'ambo, aniandikie hapa chini. Nauli nitamwongeza.